Damu Iliyopotea ya Shangazi Tisiola

Mashine ya kupima wingi wa damu ilitoa saba nukta moja. Kalo akaitazama kama mtu aliyetukanwa mbele za watu.

Akachukua kichupa kilekile, akakigeuzageuza taratibu, akapima tena. Saba. Akajichoma kidole, akapima damu yake mwenyewe ili aone kama mashine imeingiwa na wazimu. Yake ikatoka kumi na tatu, salama salimini. Akarudia ile ya kwanza kwa mara ya tatu. Saba nukta moja. Basi mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwa mwenye damu, na mwenye damu alikuwa shangazi yake.

Kwenye kisiwa cha Fotulahi hakukuwa na asiyemjua Tisiola. Mama wa miaka hamsini na nane, mabega mapana, mdomo usio na breki. Wanawake wakikutana kuponda magome ya kutengenezea ngatu, zile nguo za magome, nyundo yake ya mti ndiyo iliyotoa mdundo, na ole wake atakayechelewesha pigo. Lakini nyumbani kwa kina Kalo alikuwa zaidi ya hayo. Alikuwa dada wa baba, na neno la dada wa baba lilipita la baba mwenyewe. Alipokata shauri kwamba Kalo aende ng'ambo, mjini Suva, kusomea kazi ya maabara badala ya kuolewa na mtoto wa mchungaji, Filimone, babake Kalo, aliitikia "ndiyo, dada" macho yakiwa chini, na habari ikaishia hapo. Tangu azaliwe, Kalo hakuwahi kumwambia shangazi yake neno "hapana". Hata mdomo wenyewe haukujua namna ya kulitamka.

Mwaka huo kisiwa kilikuwa kimepigwa mara mbili. Januari ulilipuka mlima wa chini ya bahari, majivu yakafunika mabati na mashamba ya magimbi, na waya wa baharini ulioleta intaneti ukakatika. Majivu hayajamalizika kufagiwa, korona ikaingia. Korona waliyokuwa wakiisikia redioni miaka miwili kama hadithi ya nchi za watu. Hospitali ya Fotulahi ilikuwa na vitanda ishirini na viwili na daktari mmoja. Sasa ilikuwa na wagonjwa thelathini na daktari yuleyule mmoja.

Tisiola aliletwa Jumamosi, anakohoa, homa kali. Kipimo kikaonyesha korona. Hakuna aliyeshangaa, nusu ya kijiji ilikuwa nayo. Lakini siku kumi na mbili kabla ya Jumanne hii, kwenye kliniki ya sukari, Kalo alimpima shangazi yake damu kwa mkono wake mwenyewe: kumi na moja nukta nane. Shangazi akatoka nje akijigamba kwamba ana damu kama ndama.

Mtu hapotezi damu kiasi hicho kwa siku kumi na mbili bila kumwaga ndoo. Ndoo iko wapi?

Kalo alivaa barakoa, akaondoka maabara karibu mbio.

Dokta Mosese alikuwa anatoka wodini, kamba za barakoa zimemchora mashavu. Kijana wa miaka thelathini na minne, lakini wiki mbili hizo zilikuwa zimemwongezea kumi.

"Dokta, shangazi yangu anavuja damu."

"Anavujia wapi? Choo kisafi, nimemuuliza. Akanitukana, lakini akajibu. Kikohozi kina michirizi tu."

"Michirizi ndiyo inayotoka nje. Na inayobaki ndani je?"

Dokta akasimama. Kalo akampa karatasi yenye namba. Akaisoma, akaisoma tena, kisha akaenda moja kwa moja kuitoa ile picha ya kifua ya Jumapili na kuiinua dirishani kwenye mwanga. Mapafu yote mawili yalikuwa na mawingu meupe, kutoka juu hadi chini.

"Mimi niliona haya nikasema korona," akasema polepole.

"Kila mtu angesema korona."

"Korona inachafua mapafu, Kalo. Lakini hainywi damu hivi."

Wakatazamana. Kisha wakaanza kusema kwa pamoja, wakanyamaza pamoja, na Dokta akamwashiria yeye aanze.

"Pua yake," Kalo akasema. "Tangu mwezi wa kumi imeziba, inatoka magamba yenye damu. Tulisema baridi, halafu tukasema majivu. Viungo vinamuuma, asubuhi hawezi kushika nyundo. Macho mekundu. Amekonda, sketi anazifunga kwa kamba. Na jana alipotupa shuka nikaona miguu yake, Dokta. Madoa ya zambarau, kwenye miundi yote miwili. Nikadhani ni mbu."

"Mbu wa wapi wa zambarau!" Dokta alianza kutembea huku na huko penye ujia mwembamba. "Pua, viungo, ngozi, mapafu. Yote hayo yana kitu kimoja. Yote yana mishipa midogo ya damu."

Kalo akamkumbuka mwalimu mmoja wa Suva, mzee mwenye kigugumizi ambaye wanafunzi walikuwa wakimwigiza. Siku moja mzee yule aligonga meza akawaambia: mapafu yakitoka damu, msiyashangae mapafu; kaangalieni mkojo.

"Nahitaji mkojo wake," akasema. "Wa sasa hivi. Ukikaa saa mbili, ninachokitafuta kitakuwa kimeyeyuka."

"Basi kauchukue."

Kalo akabaki palepale. "Dokta, wewe unamjua shangazi yangu?"

Tisiola alikuwa amekaa kitandani, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, bomba la oksijeni puani. Kila maneno manne alivuta hewa kama anayepanda mlima. Lakini ulimi ulikuwa haujaugua.

"Umekuja, we mtoto wa Filimone. Mwambie yule nesi... mkono wake mzito. Anachoma sindano... kama anachimba viazi."

Kalo alipiga magoti pembeni ya kitanda, kama ilivyompasa, akashika kikopo cha plastiki kwa mikono miwili.

"Shangazi, nakuomba mkojo kidogo."

Hata bibi wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa.

"Umesema nini?"

"Mkojo, shangazi. Niupime."

"Wewe? Mtoto wa kaka yangu... ushike mkojo wangu? Uutazame kwa yale makioo yako... uone ya ndani yangu? Heri nife nizikwe na heshima yangu."

"Shangazi, ni dakika moja tu—"

"Toka."

Na Kalo, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, akainuka akatoka. Alikuwa amefika mlangoni ndipo alipong'amua kwamba miguu ndiyo iliyotii, si yeye. Akasimama, amejaa hasira ambayo hakujua ilitoka wapi. Nyuma yake shangazi alikohoa, na safari hii haikuwa michirizi. Kitambaa kizima kiligeuka chekundu.

Kalo akakimbilia nje.

Babake alikuwepo uani, mahali alipokuwa tangu Jumamosi. Ndugu wa kiume hakai chumba alicholala dada yake, korona iwepo isiwepo, kwa hiyo Filimone alitandika mkeka chini ya dirisha la wodi, ameupa ukuta mgongo, amejifunga mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima, kama yuko kanisani. Nguruwe wawili wa jirani walikuwa wamemzoea.

"Baba, mwambie shangazi atoe mkojo."

Filimone aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi? Nitaje kitu hicho mbele ya dada yangu? Kalolaine, una akili kweli?"

"Baba, anakufa."

Mzee alikuwa mtu wa mashamba, mikono kama mizizi, hana maneno mengi. Uso wake ulikunjamana, ukakunjuka, na macho yakajaa maji.

"Kabisa?"

"Leo au kesho. Na nisipojua ugonjwa gani, siwezi kumsaidia. Mimi namuogopa, wewe unamheshimu, na huku anatutoka hivihivi."

Filimone alijifuta uso kwa kiganja. Akasimama, akaligeuzia dirisha mgongo, akaanza kuongea kwa sauti kubwa akitazama bahari, kama anayezungumza na nguruwe.

"Viazi vikuu vya kwanza viko tayari kuchimbwa! Mwaka huu ni vikubwa, majivu yamevinenepesha! Mimi sijui nivipeleke kwa nani. Vya kwanza ni vya dada yangu tangu tukiwa watoto. Kama mwenyewe hataki kuvila, nitaviacha vioze shambani! Vyote! Wala sitapanda tena!"

Nguruwe mmoja aliinuka akasogea mbali.

"Naona watu wanaficha maradhi!" Filimone akaendelea, sauti imeanza kukatika. "Mimi nimebaki na dada mmoja tu! Sina wa akiba!"

Kisha kupitia wavu wa dirisha ikatoka sauti ya Tisiola, nyembamba, inahema.

"Nani huyo anapiga kelele... hospitalini? Hana adabu. Kalo! Lete hicho kikopo chako. Na ole wako... umwonyeshe mtu."

Mkojo ulikuwa mchache, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kalo alikibeba kikopo akakimbia nacho amekikumbatia kifuani. Akamimina kwenye mrija, akauweka kwenye mashine ya kuzungusha kwa dakika tano. Dakika tano zile zilikuwa ndefu kuliko safari ya meli kutoka mji mkuu. Alisimama anakunja vidole, anakunjua, anaitukana mashine kimoyomoyo, anaiomba radhi. Ilipotulia, akamwaga maji ya juu, akadondosha masalio tone moja juu ya kioo, akalifunika, akainama kwenye hadubini.

Seli nyekundu zilijaa kila upande, nyingi zimepinda na kuota pembe. Hilo pekee lilimpandisha moyo mbio, lakini halikutosha. Damu kwenye mkojo inaweza kutoka popote. Akasogeza kioo taratibu, mstari kwa mstari, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Mstari wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Jasho likamtiririka, miwani ikapata ukungu, akaivua akaitupa mezani.

Mstari wa tatu akakiona.

Kijibomba kidogo, kirefu, kimejaa seli nyekundu zilizobanana kama njugu ndani ya ganda. Akasogeza. Cha pili. Kando yake cha tatu, kimevunjika ncha. Cha nne. Cha tano. Vijibomba vya namna hiyo havizaliwi kwenye kibofu wala njiani. Hufinyangwa mahali pamoja tu, ndani kabisa ya figo, pale mishipa midogo inapopasuka na damu kuganda kwenye mifereji yake.

Mapafu na figo vilikuwa vinatoka damu kwa pamoja.

"Nimekupata!" Kalo alipiga ukelele peke yake chumbani, akarukaruka kama mtoto. "Nimekupata, mwanaharamu we!"

Alivuka uwanja akiwatawanya kuku. Dokta Mosese alipomwona anakuja bila miwani, mikono juu, hakuhitaji kuuliza.

"Vipo?"

"Vitano kwenye mistari mitatu! Njoo uone mwenyewe!"

Alikwenda, akaona, akapiga meza kwa ngumi hadi vichupa vikaruka. "Kinga yake ya mwili imeasi, Kalo. Imekuwa ikiitafuna mishipa yake miezi yote hii, polepole. Halafu korona ikaja ikamwagia petroli."

Simu ya setilaiti ya hospitali haikushika ndani ya jengo. Ilibidi Dokta asimame katikati ya uwanja, pasipo mti wala paa, anaizungusha antena kutafuta mbingu. Kalo alishika karatasi za vipimo. Filimone alisogea kimyakimya, akasimama hatua tatu nyuma, kofia mkononi. Baada ya mikwaruzo na kukatika mara mbili, akapatikana Dokta Marama, bingwa wa figo kule Auckland, mama mwenye sauti nzito isiyo na haraka.

Mosese alimweleza yote.

"Dawa unaijua, daktari," akasema Marama. "Steroidi, dozi kubwa, gramu nzima kwa siku, siku tatu. Lakini nisikilize vizuri. Dawa hiyo inawalaza usingizi askari wa mwili. Mgonjwa wako ana virusi kifuani sasa hivi. Kama ni korona peke yake inayomharibu na wewe ukawalaza askari wake wote, umemuua. Kama ni mishipa na ukasita, amekufa vilevile, kabla ya kesho kutwa. Kipimo cha damu cha kuthibitisha mnacho?"

"Hatuna. Damu hutumwa huko kwenu, majibu ni wiki tatu, nne."

"Basi kila kitu kinategemea hivyo vijibomba. Nani ameviona?"

"Mtaalamu wetu wa maabara. Na mimi nimeviona."

"Wewe umeonyeshwa. Nipe aliyeviona."

Mosese akamkabidhi Kalo simu. Ilikuwa nzito, ya moto kwa jua. Kalo akaishika kwa mikono miwili, kama alivyokishika kikopo wodini.

"Dada, unaitwa nani?"

"Kalolaine."

"Kalolaine, nyuzi za kitambaa hufanana na vijibomba. Kamasi hufanana. Chembe zilizojikusanya tu hufanana. Nimewahi kudanganywa na watu wenye miaka ishirini kazini. Unawezaje kuniambia si hivyo?"

Kalo akafumba macho, akaviona tena.

"Vina kingo mbili zilizonyooka, sambamba, ncha zimeviringika. Seli ziko ndani ya kitu, hazijajikusanya tu. Nilipobonyeza kioo, vilijiviringisha vizimavizima, seli hazikutawanyika. Rangi yake kama kutu. Na seli zilizo nje zimepinda, kwa hiyo zimepita penye tundu dogo. Mkojo ulikuwa na dakika saba tu tangu utoke."

"Una uhakika?"

"Ni shangazi yangu," Kalo akasema. "Ningekuwa na shaka hata tone moja, ningekwambia hapana."

Mikwaruzo. Upepo. Filimone akasogea hatua moja mbele.

"Mpeni," akasema Marama. "Mpeni sasa hivi, msingoje nikate simu. Na dawa ya kukinga bakteria. Mwongezeeni damu. Mimi nazungumza na mji mkuu wawarushie dozi zilizobaki."

Dokta Mosese alikwishaondoka mbio. Dawa ile ilikuwa stoo, chupa mbili za nusu gramu zilizoletwa mwaka jana kwa ajili ya mtu mwingine ambaye hakuzihitaji. Gramu moja kamili, ya siku moja, basi. Alizichanganya mwenyewe kwenye dripu, akaifungulia, akasimama anahesabu matone.

Ilibaki damu. Kwenye friji ya Kalo kulikuwa na mfuko mmoja tu wa kundi O, na shangazi alihitaji miwili kwa uchache. Kalo akamgeukia babake.

"Baba, nikupime."

Filimone akanyoosha mkono papo hapo, kisha akaurudisha nusu. "Lakini... inaruhusiwa? Damu yangu kuingia kwa dada?"

"Baba! Mlinyonya ziwa moja!"

"Ndiyo, lakini yeye ndiye mkubwa."

Kalo alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akacheka hadi akashika ukuta. Akampima korona, hana. Akapima kundi, O. Akamchanganyia tone lake na la dada yake kwenye kioo, hayakugombana. Mzee akalala kwenye benchi la ujia, amefumba macho, anafungua na kukunja ngumi kama alivyoagizwa, huku midomo inasali. Mfuko ulijaa haraka kuliko wa mtu yeyote ambaye Kalo aliwahi kumtoa damu.

Alasiri mambo yaliharibika kwanza. Oksijeni ya Tisiola ilishuka kutoka themanini na sita hadi themanini na moja, hadi sabini na tisa. Dokta alimfungulia mtungi hadi mwisho, akamgeuza akalala kifudifudi, na safari hii hakukuwa na matusi. Mdomo ulikuwa umegeuka bluu. Kalo alikaa sakafuni kichwa cha shangazi kilipo, ameshika mkono wake. Ule mkono ulioponda magome miaka arobaini ulikuwa mwepesi kama jani kavu. Alijiuliza ikiwa ni yeye, kwa kinywa chake na uhakika wake, aliyewalaza askari wasio na hatia.

"Wewe," Tisiola alinong'ona, uso umebanwa na mto. "Uliona nini kwenye... kile kitu?"

"Niliona ugonjwa wako, shangazi."

"Mbaya?"

"Mbaya. Lakini nimeshaujua jina."

"Basi usikae hapo... unalia. Kaufukuze."

Sabini na tisa. Sabini na tisa. Mfuko wa damu ya Filimone ukaisha kuingia. Themanini. Kalo hakutaka kuamini. Kifaa cha kidoleni huongopa. Themanini na mbili. Jua lilikuwa bado halijagusa maji pale Dokta Mosese alipoinama, akasikiliza mgongo wa Tisiola kushoto na kulia, akainuka na kusema neno moja tu kwa Kitonga cha kwao cha kusini ambalo nesi alijifanya hakulisikia. Themanini na saba.

Kesho yake asubuhi ilikuwa tisini, na hakukohoa damu hata tone. Damu yake ilikuwa tisa nukta mbili. Kalo aliipima mara tatu, safari hii kwa raha tu. Saa sita mchana ndege ndogo ikatua kwenye uwanja wa majani, ndege ya kwanza tangu kisiwa kifungwe, na watu waliokuwa wamekatazwa kutoka majumbani walisimama madirishani wakapunga mashuka. Rubani alishusha sanduku la dawa na kumpandisha mgonjwa. Tisiola alibebwa kwenye machela amefunikwa hadi kidevuni na ngatu aliyoiponda mwenyewe, na alipopita kwenye ua, Filimone alikuwa ameshasogea mbali kwa heshima, ameinamisha kichwa.

"Wewe uliyekuwa unapiga kelele dirishani," Tisiola akasema hewani, bila kumtazama, "vile viazi usiviuze."

Kutoka mji mkuu alipelekwa Auckland. Dokta Marama alimpa dripu nyingine, ya dawa inayozima seli zile zinazotengeneza sumu dhidi ya mwili wenyewe, akamwangalia miezi miwili. Majibu ya kile kipimo cha damu yalifika Fotulahi wiki ya tano, karatasi ndani ya mfuko wa barua, maana intaneti ilikuwa bado. Dokta Mosese aliileta maabara haijafunguliwa, akaiweka mezani mbele ya Kalo. Kalo akaichana bahasha kwa meno. Namba ya sumu ile ilikuwa juu kuliko kiwango cha mwisho cha mashine ya Auckland. Walikumbatiana kama watu walioshinda fainali, barakoa zikawatoka, wakazirudisha upesi kwa aibu.

Si kila kitu kilirudi. Figo za Tisiola zilibaki na nusu ya nguvu zake, na tangu siku hizo chumvi amekatazwa, nyundo anaishika kwa saa moja tu, na kila miezi sita hana budi kupanda ndege kwenda kuchomwa dawa. Korona ilichukua watu watatu pale Fotulahi, mmoja wao bibi wa kitanda cha jirani, na hao hakuna hadubini iliyowasaidia.

Lakini siku aliporudi, uwanja wa majani ulijaa. Aliteremka ngazi za ndege mwenyewe, uso umekuwa wa duara kwa dawa, mashavu kama papai, na watoto wakacheka, naye akawaonyesha ngumi. Wakampeleka chini ya turubai ambako chakula kilikuwa kimeandaliwa, nyama kwa tui ndani ya majani ya magimbi, samaki, viazi vikuu vya Filimone vilivyotoka kwenye tanuri la shimoni vinafuka moshi. Kalo alikaa chini kando yake ili kumpa sahani.

Shangazi alikula akamaliza samaki. Kisha, chini ya kelele za watu, akamuuliza bila kumtazama:

"Siku ile. Uliogopa?"

"Sana, shangazi."

"Hata mimi." Alimega kipande cha kiazi, akakipuliza, akakiweka mkononi mwa Kalo. "Kula. Umekonda kama mshale, watadhani sisi kwetu hatuna chakula."